Mama, Maji Hayakuukunja Mkono Wangu

Mama yangu,

Amani iwe juu yako huko Mkange ulikolala. Mtoto akimwandikia mzazi huanza na shikamoo, akaulizia wagonjwa na mavuno, na mwisho kabisa ndipo anapoitaja shida iliyomfanya ashike kalamu. Shikamoo yako ipo, Mama, lakini leo naanza na shida. Nina hasira, na hasira yenyewe si ya jana. Barua hii naiacha wazi, asome anayetaka kusoma, kwa sababu na wewe ulisemwa hadharani. Ulisemwa kisimani, ulisemwa kwenye maharusi, ulisemwa mpaka kwenye msiba wako mwenyewe. Majibu yake nayo yasiwe ya kunong'onezana.

Nianzie Fukayosi, uani kwa Baba. Nilikuwa sijaanza shule. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, alasiri, na wewe ulikuwa umebandika uji wa futari, ule wa mchele na pilipili manga. Figa moja lilikuwa halijakaa sawa. Mimi nimechuchumaa pembeni nachezea vijiti, wewe umekaa kwenye mbuzi unakuna nazi, unanitazama kila mara. Figa likateleza, sufuria ikalalia upande wangu, na uji ukanimwagikia mkono wa kulia, kuanzia juu ya kiwiko hadi karibu na kiganja.

Watu wengi wamenisimulia siku ile kana kwamba mimi sikuwepo. Nilikuwepo. Nakumbuka nazi ilivyobiringika mchangani. Nakumbuka ulivyoninyakua ukanikimbiza kwenye mtungi, ukachota kwa kata, ukamwaga, ukachota tena, huku mkono wako mwingine umenishika nisikuponyoke. Nilikuwa napiga kelele na wewe unasema polepole, "Unapoa, mwanangu, unapoa."

Shangazi Mwanahawa, dada mkubwa wa Baba, ambaye nyumba ile ilikuwa yake kuliko ilivyokuwa yetu, akatoka ndani na dawa ya meno na bakuli la unga wa ngano.

"Mlete nimpake," alisema. "Maji hayo yanaingia kwenye mishipa. Utamharibu mtoto."

"Wifi, mkono unawaka moto. Acha upoe kwanza."

"Nakwambia utamharibu."

"Acha upoe, wifi."

Hukupandisha sauti. Uliendelea kumwaga maji mpaka mtungi ukaisha, ukamtuma jirani akuletee ndoo yake. Baba aliporudi kutoka shambani alitupakia kwenye baiskeli, wewe umekaa nyuma umenipakata, tukaenda zahanati.

Nesi wa zahanati alinisafisha, akanipaka dawa, akanifunga bendeji. Halafu akaukunja mkono wangu, akauweka kifuani, akachana kipande cha kanga yako na kuuning'iniza shingoni. Kwa kweli nilisikia nafuu. Mkono uliokunjwa ulikuwa hauumi kama ulionyooka.

"Akae hivi hivi," alikwambia. "Usimnyooshe, kidonda kitachanika."

"Mpaka lini, nesi?"

"Mpaka kipone."

Na wewe ukatii. Mama, hakuna mtu aliyewahi kutii agizo kama ulivyolitii lile. Siku za kubadilisha bendeji ulinibeba mgongoni ingawa miguu yangu ilikuwa mizima, eti nikitembea mkono utatikisika. Nikisahau nikataka kunyoosha mkono nichukue kitu, ulikuwa unaudaka hewani kwa upole na kuurudisha kifuani. "Nesi amekataza," ulikuwa unasema. Usiku ulinilaza upande wa kushoto ukaniwekea nguo zilizokunjwa ili mkono usiteleze ukanyooka wenyewe nikiwa usingizini.

Kidonda kikafunga. Siku nesi alipokifungua kile kipande cha kanga, mkono ulibaki palepale. Ngozi ya kiwiko ilikuwa imevutika, ngumu, inang'aa, imeushika mkono kama mtu aliyeushika kwa makusudi. Nesi akajaribu kuuvuta nikapiga ukelele.

"Sasa mbona umekuwa hivi?" alikuuliza. "Hukuwa unamnyoosha?"

"Si ulisema nisimnyooshe?"

"Mimi? Mimi nilisema umtunze."

Akamwita mgonjwa mwingine. Hivyo tu. Sisi tukatoka nje, ukasimama juani ukiutazama mkono wangu kama unayetazama mlango uliofungwa na wewe ndiye uliyekuwa na ufunguo. Hukuwa nao, Mama. Aliyekuwa nao hakuwa wewe. Lakini hapo nakimbilia mbele.

Tulipofika nyumbani Shangazi alikuwa ameshajua la kusema. "Nilimwambia," akawaambia Baba, majirani na kila aliyekuja kumwangalia mtoto. "Nilimwambia maji yataingia kwenye mishipa. Mshipa ukipata baridi unasinyaa. Akaniona mimi mjinga." Maneno yakatoka uani, yakafika kisimani, yakaenda yakakaa. Hata wanawake ambao wangewamwagia maji watoto wao wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nilikuwa nikipita na mkono wangu kifuani nasikia, "Ndiyo huyu. Mama yake alimmwagia maji."

Baba alianza kula peke yake, akaanza kuchelewa kurudi kutoka shambani, akaanza kujibu salamu zako akiwa anatazama ukuta. Siku aliyokupa talaka ulikuwa unafua. Ulimaliza kufua, ukaanika, ukasubiri zikauke, ukazikunja nguo zake na za Shangazi ukaziweka mahali pake. Ndipo ukafunga zetu, tukaenda Mkange kwa ndugu zako.

Hiyo ndiyo adhabu uliyopewa kwa kumpoza mtoto aliyeungua.

Sasa nikukumbushe mambo mengine, maana sitaki barua yote iwe ya watu wale. Mkono wangu ulikuwa unafika mdomoni bila tabu, kwa kuwa ulikuwa umekunjika upande huo. Ulikuwa haufiki kwenye sinia. Kwenye shughuli, watoto wenzangu wamezunguka ubwabwa, mimi ningelazimika kuinama mwili mzima kama mbuzi anayekunywa maji. Wewe ulikuwa unakuja kukaa kulia kwangu, na huku unazungumza na watu, unausogeza wali kidogo kidogo upande wangu, na nyama juu yake, bila kuangalia, mpaka kilima chote kinahamia ubavuni mwangu. Kuna siku mama mmoja alinung'unika kwamba unawapunja watoto wa wenzio. Ukamjibu, "Mwanangu namletea, hamnyang'anyi mtu," ukaendelea kusogeza.

Nilipoanza kuswali nililia kwa sababu kwenye sijida mkono mmoja ulikuwa haukai chini kama wa wengine. Uliniambia Mungu anajua mkono wangu unafika wapi. Maneno hayo nimeyategemea maisha yangu yote kuliko maneno mengi niliyosoma vitabuni.

Ulinifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto kabla mwalimu hajaniona, ukichora herufi kwa kijiti mchangani wewe mwenyewe ambaye herufi hukuzijua zote. Ulilima ufuta, ukalima mahindi, nikasoma. Nilipofaulu kwenda sekondari ulitembea nyumba hadi nyumba kuaga kana kwamba ni wewe unayesafiri.

Na kuna ile jioni ya likizo. Ulikuwa unanipaka mafuta ya nazi kwenye kovu, kama ulivyokuwa unafanya tangu utoto wangu, ukilikanda kwa kidole gumba. Mara ukaacha kukanda.

"Saumu," ulisema, "wewe sasa umesoma. Au kweli yalikuwa maji?"

Mpaka leo sijawahi kusikia swali lililonikata kama lile. Miaka yote ile nilidhani maneno yao yamebaki Fukayosi. Kumbe yalikufuata, yakaingia ndani, yakakaa na wewe ukilima na ukipika, mpaka na wewe ukaanza kujitilia shaka.

"Hapana, Mama," nilikwambia. "Maji ndiyo yanayotakiwa mtu akiungua. Tumefundishwa darasani."

"Basi ni nini?"

Kwamba maji ni sahihi nilikuwa nalijua. Kilichoukunja mkono nilikuwa sikijui, na mtu asiyejua kilichotokea hawezi kumshinda anayedai kujua. Ukatikisa kichwa, ukaendelea kunipaka mafuta. Hukuniuliza tena.

Baadaye nikiwa chuoni nilikwenda hospitali kubwa kuuliza kama mkono unaweza kufanyiwa kitu. Daktari aliugeuza huku na huku, akasema upasuaji unawezekana ila baada ya miaka hiyo yote viungo vya ndani navyo vimezoea kukunjika. Kisha akaongeza, kama mtu anayezungumza peke yake, "Hii ingezuilika mapema kabisa. Mama yako alikuwa wapi?" Nilimwambia mama yangu alikuwa pale pale, mlangoni pa zahanati, amenibeba mgongoni. Nikachukua kadi yangu nikaondoka. Sikukusimulia, usije ukabeba na hilo.

Nilipata kazi maabara, Dar es Salaam. Hilo unalijua, ulilitangaza Mkange nzima. Kazi yangu ilikuwa ya kupima damu, mambo ya ngozi nilikuwa siyagusi. Kisha ukaugua, na ugonjwa wako haukukaa sana. Tulikuzika siku ya mvua.

Shangazi Mwanahawa alikuja msibani. Nilimwona akifika, nikafikiri moyoni mwangu, ametenda jambo jema. Alikaa mkekani na wanawake wengine. Mama Mdogo Zainabu, mdogo wako, alikuwa amekaa karibu yangu ananishika bega. Na Shangazi, kwa sauti ya kusikitika kabisa, akasema, "Marehemu alikuwa mtu mwema. Jambo lake lilikuwa moja tu, yale maji. Mungu amsamehe."

Wanawake wakaitikia, "Amin."

Waliitikia, Mama. Waliomba usamehewe kwa kunipoza. Mama Mdogo alinibana bega kwa nguvu kwa sababu alihisi ninataka kusimama. Sikusimama. Mwili wako ulikuwa bado ndani, na swali lako la ile jioni nilikuwa bado sina jibu lake.

Jibu lilikuja kazini. Mkuu wetu wa maabara, Dokta Nasra, mwanamke wa makamo ambaye hupenda kumwonyesha mtu kabla ya kumweleza, alianza kazi mpya ya seli za ngozi akaniomba nimsaidie kuzitunza. Nikueleze kama ningekueleza tungekuwa tumekaa barazani.

Mtu akiumia, damu hutoka kisha ikaganda. Kinachoifanya igande na kushikamana ni nyuzi nyembamba sana za protini inayoitwa fibrini, zimesukwa ovyo ovyo kama wavu uliotupwa. Wavu huo ndio unaoziba kidonda mwanzoni. Halafu seli zilizoko chini ya ngozi huhamia humo, zikaanza kujenga ngozi ya kovu. Dokta Nasra alikuwa anatengeneza fibrini hiyo kwenye visahani vidogo. Ikikaa inaganda, laini, inatetemeka ukiigusa, kama faluda. Visahani vingine aliweka fibrini tupu. Vingine aliichanganya na seli za ngozi zilizo hai. Vyote akavifungia kwenye kabati lenye joto la mwili.

Nilipovitoa baadaye niliita kwa sauti. Faluda isiyo na seli ilikuwa imejaa kisahani vilevile. Yenye seli ilikuwa imejibandua pembeni, imejikusanya katikati, imekuwa kifungo kidogo, kigumu. Hakuna aliyeigusa. Hakuna aliyeimwagia kitu.

"Zinavuta," Dokta Nasra alisema. "Njoo utazame."

Kwenye hadubini niliiona seli moja. Ndefu, imechongoka ncha mbili, kila ncha imezishika nyuzi za fibrini, na nyuzi zilizoizunguka zimenyooka kuielekea kama kamba zinazovutwa. Iko peke yake haina nguvu ya maana. Lakini zikiwa nyingi, kila moja inavuta upande wake, wavu wote unasinyaa.

"Zinavuta kwa nini?" niliuliza.

"Ndiyo kazi yake. Kidonda kinazibwa kwa kuvuta kingo zije pamoja. Tatizo ni kwamba hazijui ziko wapi. Hazijui kama hapo ni mgongoni au ni kwenye kiwiko."

Akanionyesha kisahani kingine ambacho fibrini ilikuwa imeshikizwa pande zote kwenye fremu. Seli zilikuwa humo, zinavuta vilevile, lakini ile faluda haikusinyaa, kwa sababu ilikuwa imeshikwa ikiwa imenyooka.

Nilikaa chini. Dokta Nasra alikuwa ameuona mkono wangu tangu siku ya kwanza nilipoajiriwa, na hakuwahi kuuliza. Nikamuuliza mimi.

"Na mtoto akiungua kwenye kiwiko, mkono ukafungwa umekunjwa?"

"Zitaukuta umekunjwa, zitaufunga hapo hapo," alisema. "Ndiyo maana unafungwa umenyooshwa kwenye kibao, na mtoto anafanyishwa mazoezi mpaka kovu litulie. Inauma, watoto wanalia, lakini mkono unabaki mkono. Mara nyingi inasaidia sana." Akautazama mkono wangu. "Wako ulifungwa vipi?"

"Umekunjwa. Na mama yangu akaambiwa asiunyooshe."

"Na akafuata?"

"Akafuata."

Dokta Nasra hakusema pole. Alivua glavu zake akazitupa, akasema, "Basi mama yako alifanyiwa ubaya."

Hilo ndilo jibu, Mama. Uliuliza, basi ni nini? Ni seli zangu mwenyewe, zikifanya kazi zilizoumbiwa, zikiufunga mkono pale ulipowekwa. Na aliyeuweka pale si wewe. Maji yako yaliupoza moto usizame zaidi. Yawezekana ni kwa sababu yako bado nina vidole vinavyofanya kazi. Kibao kile ni kipande cha ubao na kitambaa, Fukayosi mbao zipo na vitambaa vipo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "unyooshe" badala ya "usinyooshe". Neno moja. Na ujuzi wake ulikuwepo duniani siku ile ninaungua, umeandikwa, unafundishwa, ila haukuona umuhimu wa kufika kwetu. Kwa hilo nina hasira na watu ambao siwajui hata majina. Nesi yule huenda naye hakufundishwa, na hilo ningemsamehe. Ninachoshindwa kumsamehe ni lile "Mimi?" alilokujibu.

Nilirekodi picha za video za kile kisahani, zilizopigwa moja moja na kuunganishwa, ukitazama unaiona ile faluda ikijivuta mbele ya macho yako. Nikaenda nazo Fukayosi.

Shangazi alikuwa uani anapukuchua kunde. Baba amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, amezeeka, magoti yamevimba.

"Shikamoo, Shangazi. Shikamoo, Baba."

"Marahaba," Shangazi alisema. "Umekonda. Huko mjini hamli?"

Nilikaa, nikawaonyesha kwenye simu. Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe. Shangazi alikuwa akitazama simu huku mikono inapukuchua. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo umekuja kunifundisha."

"Hapana, Shangazi. Nimekuja kukuonyesha. Hapo hakuna maji ya mtungi. Umeona imesinyaa."

"Hayo ni ya kwenye chupa. Mimi nasema ya mkono wa mtoto."

"Mtoto ni mimi. Mkono ni huu."

Aliutazama, nadhani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kisha akainuka na ungo wake akaingia ndani. Nilimsikia anasogeza vyombo ambavyo havikuhitaji kusogezwa.

Tukabaki mimi na Baba. Alikuwa anatazama chini. Nikafikiri ameshtuka, kwamba leo amegundua alidanganywa. Nilikuwa tayari kumwonea huruma, Mama. Nilikuwa nimeshaanza.

"Mimi habari ya maji sikuwahi kuiamini," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Niliungua mguu nikiwa mdogo," akaendelea. "Mama yangu alinitumbukiza mtoni akanikalisha humo. Mguu si huu hapa, mzima? Nilijua maji hayakunji mtu."

"Ulijua wakati ule?"

"Nilijua."

"Sasa Mama ulimpa talaka kwa nini?"

Alipapasa magoti yake. "Dada alishasema mbele za watu. Na watu walikuwa wananiuliza kila nikitoka, mtoto kapatwa na nini, mtoto kapatwa na nini. Ikawa rahisi kusema ni mama yake. Ukishasema hivyo mara nyingi, huwezi tena kukaa naye nyumba moja."

Nimebeba hasira ya Shangazi tangu utoto. Nilibeba ya nesi. Ya daktari pia. Lakini hao, kila mmoja kwa namna yake, walikuwa hawajui, au walijidanganya kwamba wanajua. Baba alijua. Alikaa pale, ukweli umejaa tele tumboni, akakuacha ufue nguo zake na uondoke. Shangazi aliyesema uongo aliuamini uongo wake. Yeye hakuuamini, akautumia.

Nilimwambia, "Baba, hilo usiniambie mimi. Si mimi niliyesingiziwa."

"Nimwambie nani sasa? Mama yako hayupo."

"Waliosikia maneno yale wapo. Hitima yake iko karibu. Njoo Mkange ulisemee huko."

"Magoti yangu haya, Saumu."

"Baba, ama uje au usije. Sitakuja kukukumbusha."

Sikumpikia hata chai. Niliaga nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nabishana naye kichwani, nikimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi.

Hitima yako ilifanyika uani kwa Mama Mdogo Zainabu. Watu walijaa. Kisomo kilipokuwa kinaendelea nikamwona Baba anaingia, ameshikilia fimbo, amesindikizwa na dereva wa bodaboda. Shangazi hakuja. Baba alikaa nyuma kabisa. Baada ya dua, kabla chakula hakijaletwa, alimwomba sheikh ruhusa ya kusema neno. Sheikh akamruhusu. Akainuka kwa tabu.

"Mimi nilikuwa mume wa Mama Saumu," alisema. Sauti ilikuwa haifiki mbali, sheikh akawanyamazisha watu. "Ilisemwa kwamba alimharibu mtoto kwa maji. Hakumharibu. Yale maji yalikuwa dawa. Mimi nililijua hilo tangu siku ile, nikanyamaza, nikamwacha. Nimesimama niseme kwamba yeye hakukosa. Niliyekosa ni mimi."

Hakuna aliyeitikia. Upande wa wanawake mama mmoja alianza kulia, akasema kwa sauti ya chini, "Na sisi tuliitikia amin." Baba alibaki amesimama, hajui kama akae au aondoke. Ndipo Mama Mdogo akasimama upande wetu, kanga kichwani, macho makavu.

"Tumekusikia, shemeji," alisema. "Yeye ndiye alikuwa anatakiwa akusikie."

Akaenda jikoni kupakua.

Mama, nilidhani siku hiyo itaniondolea mzigo. Nilidhani nitalala. Nilikuwa nimelitamani neno lile kwa miaka, na lilipokuja lilikuwa fupi, likaisha, watu wakanawa mikono. Jina lako limesafishwa Mkange. Fukayosi sijui, nasikia Shangazi bado anasema, ila siku hizi anasema ndani. Watu wananipongeza. Wananiambia sasa nimsamehe mzee, amejishusha, na kwamba hasira si nzuri kwa mtoto wa kike. Nawaambia asanteni.

Mimi na Dokta Nasra tumeanza kwenda kwenye zahanati, Zinga na kwingineko, kuzungumza na wauguzi kuhusu watoto walioungua: maji kwanza, kisha mkono unyooshwe, kisha mama aelezwe kwa maneno yasiyogeuzwa kesho. Wengi wanajua tayari, na wanatuambia wanajua. Wachache wananyamaza na kuandika. Wiki iliyopita nilimkuta mama mmoja kijana, mwanawe amelala mkono umenyooshwa kwenye kibao, analia, na wanawake wa pembeni wanamwambia ni mkatili, amfungue mtoto. Alikuwa amelishika fundo la kitambaa, anataka kufungua. Niliketi naye. Nilimwonyesha mkono wangu, nikamwambia, "Usifungue. Na watakachosema, waache waseme, mimi nitakuwa shahidi wako." Alinitazama, akaliacha lile fundo.

Wewe hukuwa na shahidi. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, na sioni dawa yake.

Baba amenituma nikuombee radhi kaburini. Nimefika, nimekusomea, na ujumbe wake sikuufikisha. Anayo miguu, mbaya mbaya hivyo hivyo, na njia ya Mkange ameshaijua. Akija, ukamsamehe, hilo ni lako na Mola wako, sitaingia kati. Moyo wako ulikuwa mpana, huenda umeshamsamehe zamani ukiwa unakunja nguo zake. Wangu bado. Niache nikae nayo hasira hii kidogo, Mama, kwa sababu ulipokuwa hai hakuna hata mmoja aliyekasirika kwa niaba yako.

Lala kwa amani. Hukukosa.

Kifungua mimba wako,
Saumu